Taa ya Injini na Mshahara wa Mfanyakazi

Hapana mwezi upitao siku hizi pasipo mfanyakazi mmoja au wawili kutulalamikia kwa habari ya ile taa ndogo ya rangi ya manjano, yenye umbo la injini, iwakayo katika dashibodi ya gari. Malalamiko yao ni ya namna moja. Taa iliwaka; gari likapelekwa kwa fundi; fundi akachomeka chombo chake, akasoma namba, akataja kifaa; kifaa kikanunuliwa; taa ikazimika; fedha zikalipwa. Baada ya siku tatu au nne taa ikawaka tena kana kwamba hapakutendeka kitu. Wako waliokwisha kununua vifaa vitatu kwa ajili ya taa ileile moja. Kwa kuwa wengi wao ni watu wa mshahara, na wengine ni madereva wa teksi ambao gari ndilo shamba lao, tumeona yafaa leo kuutumia ukurasa huu kulieleza jambo hili kwa kirefu.

Twasema tangu mwanzo, ili msomaji ajue tunakoelekea: namba itolewayo na chombo cha fundi hutaja lalamiko la kompyuta ya gari. Haitaji kifaa kilichokufa. Mtu akija hospitali akasema kichwa kinamwuma, tabibu hamkati kichwa. Humpima damu, humpima macho, humwuliza alilala vipi. Lakini kwenye gari twakubali kila siku kukatwa kichwa. Namba ikitaja sensa, sensa hununuliwa, ilhali sensa ile yaweza kuwa ndiyo pekee iliyokuwa ikisema kweli.

Ni vema kujua taa hii ilitoka wapi, maana asili yake yaeleza tabia yake. Katika miaka ya 1940 na 1950 jiji la Los Angeles, katika jimbo la California huko Marekani, lilikuwa likifunikwa na ukungu wa moshi uliochoma macho na kukaba koo. Mwanakemia mmoja mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, ndiye aliyeonyesha kwamba ukungu huo ulizaliwa na moshi wa magari na wa viwanda vya mafuta unapopigwa na jua. California ikaanza kuweka masharti, na mwaka 1970 taifa zima la Marekani likapata sheria kali ya hewa safi. Ndipo wenye viwanda vya magari walipolazimika kufunga vyombo vya kupunguza sumu katika moshi. Lakini serikali itajuaje kwamba vyombo hivyo vinafanya kazi gari likiwa na miaka 8 barabarani? California ikaamuru kwamba gari lijichunguze lenyewe na kuwasha taa, kwanza kwa magari ya mwaka 1988. Kisha kwa utaratibu ulio bora zaidi, na wa namna moja kwa viwanda vyote, kwa magari yote yaliyouzwa Marekani tangu yale ya mwaka 1996. Ulaya ikafuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001.

Basi kazi ya taa hii tangu kuzaliwa kwake ni kulinda moshi. Kwa sheria ile ya Marekani, taa hupaswa kuwaka hitilafu inapoweza kuifanya sumu ya moshi ipite kipimo kilichowekwa, kwa jumla mara 1.5 ya kipimo hicho. Ndiyo maana dereva mara nyingi hushangaa: taa inawaka, na gari linakwenda vizuri, halina mlio wala mtikisiko. Halidanganyi. Linasema juu ya jambo ambalo sikio la dereva haliwezi kulisikia. Hata hivyo lalamiko hilo likipuuzwa miezi sita, aghalabu mwisho wake ni petroli nyingi kuliwa bure na chombo cha thamani kuungua.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, na la kwanza ni la usalama. Taa ya manjano iliyotulia yampa dereva nafasi ya kufika nyumbani na kutafuta sababu bila pupa. Taa ya manjano inayowaka na kuzima, kuwaka na kuzima, gari likiwa linakwenda, ni jambo jingine kabisa. Maana yake ni kwamba silinda moja au zaidi haiwashi petroli yake, hali ambayo mafundi wetu huiita misi, na kwamba petroli hiyo isiyoungua inapita hadi katika bomba la moshi na kwenda kuwakia ndani ya masega. Kwa dakika chache tu joto lake laweza kuyayeyusha. Dereva apunguze mwendo mara moja, asikanyage mafuta kwa nguvu, na akiweza asimame. Tena taa nyekundu ya oili na ile ya joto la maji si jamaa za taa hii. Nyekundu ya oili ikiwaka injini inaenda, izimwe palepale, hata kama ni katikati ya daraja.

Akiisha kufika nyumbani, mwenye gari na atazame kabla ya kuchomeka chombo chochote. Je, gari lilioshwa injini jana? Katika miji yetu kuna vijana waoshao injini kwa maji ya nguvu, na maji hayo huingia katika mashimo ya plagi. Je, fundi alifungua kitu wiki iliyopita? Mpira wa hewa ulioachwa bila kubanwa na soketi ya waya iliyoachwa nusu ni sababu za kawaida mno, nazo huponywa kwa mkono mtupu. Je, panya wamekula waya? Je, vichwa vya betri vina ukungu mweupe? Umeme ukiwa dhaifu kompyuta huanza kulalamika juu ya vitu visivyo na kosa lolote.

Hapa inafaa tutoe neno la pembeni. Wale wanaosoma maelekezo ya Wamarekani hukuta kwamba shauri la kwanza daima ni kukaza kifuniko cha tangi la petroli. Shauri hilo ni jema kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani, kwa kuwa sheria yao hudai gari lipime kama mvuke wa petroli unavuja tangini. Magari mengi ya mitumba tuyapatayo kutoka Japani hayana kipimo hicho. Kaza kifuniko, hakuna hasara, lakini usitegemee muujiza.

Chombo cha kusomea namba si siri ya mafundi tena. Chini ya usukani, upande wa dereva, pana soketi yenye matundu 16 katika safu mbili za manane. Yako mashine madogo yanayochomekwa hapo na kuzungumza na simu ya mkononi kwa njia ya Bluetooth, nayo aghalabu yanauzwa kwa bei iliyo chini ya sensa moja mpya. Wafanyakazi kumi wa karakana moja au ofisi moja wakichanga, kila mmoja atatoa fedha kidogo sana, na mashine itawahudumia wote. Ila ajaribu kwanza kwenye gari lake kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya mashine za bei ndogo hushindwa kuelewana na magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Wenye Toyota za kale za miaka ya 1990 wana njia yao: chini ya boneti kuna kijisanduku chenye matundu mengi, na tundu la TE1 likiunganishwa na la E1 kwa waya mfupi, ufunguo ukiwa umewashwa na injini haijawashwa, taa yenyewe humetameta na kuhesabu namba. Waya huo usiingizwe katika tundu jingine lolote kwa kubahatisha.

Namba zikisomwa, ziandikwe zote katika karatasi pamoja na tarehe. Zisifutwe. Hili twalisisitiza, maana kufuta ndiko kunakowapoteza wengi. Kompyuta inapowasha taa huhifadhi pia picha ya hali ya gari saa ile: mwendo, joto la maji, mizunguko ya injini, mzigo iliokuwa nao. Habari hizo ni ushahidi. Anayefuta namba kabla ya kusoma ushahidi, au anayechomoa kichwa cha betri ili taa izimike, anafanya kazi ya mwizi anayefagia nyayo zake.

Tena wengi hawajui kwa nini taa iliyofutwa hukaa siku kadhaa kabla ya kurudi. Kwa hitilafu nyingi kompyuta haiwashi taa mara ya kwanza. Huandika shaka yake kimyakimya, hungoja safari nyingine, na ikiona kosa lilelile katika safari ya pili mfululizo ndipo huwasha. Tena vipimo vingine hufanywa tu gari likiisha kupata moto na kukimbia kwa mwendo wa namna fulani. Basi fundi asiye mwaminifu hufuta asubuhi, mteja huona dashibodi safi, hulipa, hushukuru. Jumamosi taa inarudi, na fundi anasema, “Hiyo ni hitilafu nyingine, mzee.” Mteja aliyeandika namba zake katika karatasi hatadanganywa kwa maneno hayo.

Tuchukue sasa gari moja ambalo kila mtu wa Dar es Salaam analijua: Toyota IST ya kwanza, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002, yenye injini ya 2NZ au 1NZ, silinda nne. Tuseme namba iliyosomwa ni P0302. Herufi P ni ya injini na gia. 0 yaonyesha ni namba ya viwanda vyote. 3 ni mambo ya moto wa plagi. Na 02 ni silinda ya pili, zikihesabiwa kutoka upande wa mikanda. Kompyuta inasema silinda ya pili inamisi. Haisemi kwa nini. Yaweza kuwa koili, yaweza kuwa plagi, yaweza kuwa nozeli ya petroli, yaweza kuwa valvu isiyofunga. Wengi hapa huambiwa wanunue koili nne.

Injini hiyo ina koili nne zinazofanana kabisa, kila moja imekaa juu ya plagi yake na kushikwa kwa bolti moja ya spana namba 10. Zima injini, iache ipoe. Chomoa soketi ya waya kwa kubonyeza ulimi wake, usivute waya. Ng'oa koili ya silinda ya pili, uitie mahali pa ile ya tatu. Ile ya tatu uitie mahali pa ya pili. Sasa, namba ikiwa imekwisha kuandikwa, unayo ruhusa ya kuifuta. Endesha. Namba ikirudi na ikawa P0303, koili imehama na ugonjwa. Koili ndiyo mbaya, nunua moja. Ikibaki P0302, koili haina kosa. Fanya vilevile kwa plagi. Ikibaki P0302 hata baada ya plagi kuhamishwa, hapo ndipo fundi anahitajika, apime nozeli na mgandamizo wa silinda. Jaribio hili halina gharama ya kifaa, na limetenganisha vitu vitatu pasipo kubuni. Unapotoa koili tazama shimo la plagi: ukikuta oili, gasketi ya kifuniko cha juu cha injini imechoka, na koili mpya itakufa vilevile usipoibadili. Plagi ianzwe kufungwa kwa vidole, maana kichwa cha injini ni aluminiamu, na uzi wake ukiharibiwa kwa spana gharama yake itazidi koili zote nne.

Namba nyingine iliyo maarufu ni P0171. Nayo yasema mchanganyiko una hewa nyingi na petroli kidogo. Ili petroli iungue sawasawa na masega yafanye kazi, huhitajiwa kadiri ya gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Sensa ya oksijeni iliyo katika bomba la moshi huonja moshi na kuiarifu kompyuta, nayo huongeza au kupunguza petroli. Kompyuta ikiona imeongeza mno na bado moshi una oksijeni, huwasha taa. Basi ni nani aliyeambiwa kuwa mkosaji? Sensa ya oksijeni, kwa kuwa ndiyo iliyoleta habari. Twamjua dereva mmoja wa teksi aliyenunua sensa ya kwanza, kisha ya pili kwa kuambiwa ya kwanza ilikuwa feki, kisha akaanza kuhesabiwa bei ya masega. Kosa lilikuwa mpira wa hewa wenye ufa katika mkunjo wake, kati ya sanduku la chujio na injini, ufa ambao hauonekani mpaka mpira ukunjuliwe kwa vidole. Sensa zote mbili, na ile ya awali aliyoitupa, zilikuwa zikisema kweli tupu.

Mtu mwenye mashine yetu ya simu aweza kuupima ugonjwa huu akiwa ameketi. Mashine huonyesha ni asilimia ngapi za petroli kompyuta imeongeza au kupunguza. Ikiwa karibu na sifuri, hakuna neno. Ikipita 10 juu ya kawaida, kuna jambo. Sasa tazama tarakimu hiyo mara mbili: injini ikinguruma polepole gari limesimama, kisha injini ikizungushwa mara 2,500 kwa dakika. Ikiwa tarakimu ni kubwa pale mwanzo, nayo ikashuka injini inapozungushwa kwa kasi, hewa inaingia kwa mlango wa wizi. Tafuta mpira uliopasuka au gasketi inayovuja. Lakini ikiwa inapanda kadiri injini inavyozidi kasi, tazama upande wa petroli, yaani chujio na pampu, au ile sensa ipimayo hewa iingiayo, ambayo huenda imeshika vumbi. Sensa hiyo ina waya mwembamba mno. Husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, ikaachwa ikauke. Haiguswi kwa kitambaa wala kidole wala mswaki, ingawa tumeona yote matatu yakitumiwa.

Liko jambo ambalo hatuwezi kulipita kimya, nalo ni themostati. Mafundi wengi wa nchi hii huing'oa na kuitupa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na haihitaji kitu cha kuzuia maji. Hoja hiyo yaonekana ya busara mpaka mtu ajiulize injini yenyewe inataka joto gani. Joto la Dar es Salaam ni sentigredi 30 na kitu. Injini ya IST yataka maji yake yawe juu ya 80. Themostati yake hufunguka kwenye kadiri ya 82. Ikiondolewa, maji huzunguka katika rejeta tangu injini inapowashwa, injini huchelewa kupata moto, na katika safari ndefu huweza kupoa chini ya kiwango chake. Kompyuta huiona kama injini ya alfajiri, ikaendelea kuimiminia petroli ya ziada. Katika magari yenye kipimo hicho namba yake ni P0128. Magari mengine hayasemi lolote, na mwenye gari hulalamika tu kwamba linakunywa sana. Tazama joto la maji kwa mashine: gari likiisha kwenda nusu saa na bado linasoma 60 au 65, muulize fundi wako wa zamani themostati iko wapi.

Themostati yenyewe hupimwa jikoni. Itundikwe kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, iwekwe jikoni, na kipimajoto kando yake. Itazamwe inafunguka kwa joto gani, na kama ikipoa inafunga. Kipimajoto cha homa hakifai kwa kazi hii, kitapasuka au kukoma kabla maji hayajapata hata uvuguvugu wa haja. Na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto. Makovu ya kosa hilo twayajua katika mikono na nyuso za mafundi wengi.

Namba P0420 ndiyo ya ghali, kwa kuwa humaanisha masega hayasafishi moshi kama ipasavyo. Masega ni kauri yenye vitundu vingi kama sega la nyuki, iliyopakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini hayo yana bei kubwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuwa mwangalifu unapoliacha gari gerejini, kwani kuna waliorudishiwa bomba tupu lililochomelewa vizuri kwa nje. Bomba tupu, likigongwa kwa mkono, hulia kama debe. Zamani petroli yenye risasi iliyaua masega haya. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliafikiana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia Januari 2006 karibu zote zilikuwa zimeiacha. Siku hizi yauawa zaidi na injini inayomisi au inayokula oili. Ndiyo maana mtu asinunue masega mapya kabla ya kuponya hayo, la sivyo atayaua na hayo mapya.

Jaribio lake ni hili. Kuna sensa moja mbele ya masega na nyingine nyuma yake. Injini ikiwa ya moto, sensa ya mbele ya aina ya kawaida hupanda na kushuka upesi upesi kati ya kadiri ya volti 0.1 na 0.9, ya nyuma, masega yakiwa mazima, hutulia, aghalabu juu ya 0.5. Ya nyuma ikianza kuiga mchezo wa ya mbele, masega yamechoka au hayamo. Lakini kabla ya kuhukumu, sikiliza kama bomba linavuja karibu na sensa, kwa maana hewa ya nje ikiingia hapo huleta ushahidi wa uongo. Jaribio hili lifanyike uwanjani. Injini isinguruме ndani ya chumba au banda lililofungwa. Gesi itokayo haina harufu ya kumwonya mtu, nayo huua.

Tumesema mengi juu ya mafundi, na haki yataka tuseme na upande wao. Fundi mwema yupo, tena ni wengi, na wengine wamesomea kazi hiyo VETA na huijua kwa nadharia na kwa mikono. Tatizo lake ni sisi wateja. Tunakubali kulipia kifaa kwa sababu twakiona, lakini saa mbili za kupima, ambazo ndizo ujuzi wenyewe, twaona ni bure. Fundi akisema, “Nimepima, hakuna cha kununua, nipe ujira wa kupima,” mteja hununa. Tukiendelea hivyo tutapata mafundi wa kuuza vifaa tu. Mteja amlipe mtu kwa kupima, kisha awe na haki ya kuuliza maswali mawili: umepima nini hata ukajua ni kifaa hiki, na kile cha zamani kiko wapi nikichukue. Fundi mwema hujibu yote mawili bila kukasirika.

Tena iko mipaka ambayo mtu wa nyumbani asiivuke. Mwenye gari la dizeli la mtindo mpya asome namba tu. Mabomba ya nozeli yake hubeba mgandamizo unaozidi mara elfu moja ule wa hewa tuivutayo, na dizeli ikichuruzika kwa nguvu hiyo hupenya ngozi kama sindano. Mwenye gari la mchanganyiko wa petroli na umeme asiguse waya za rangi ya chungwa, ambazo katika magari kama Prius hubeba umeme wa zaidi ya volti 200. Taa ya mifuko ya hewa, nayo iachiwe mwenye ujuzi.

Baada ya matengenezo si lazima kufuta taa. Hitilafu ikiwa imekwisha kweli, kompyuta itaizima taa yenyewe baada ya safari tatu mfululizo ambazo kipimo kimefaulu, na namba itafutika baadaye baada ya injini kupata moto na kupoa kadiri ya mara 40. Fundi asemaye kazi imekwisha na aridhie kungoja safari hizo kabla ya malipo ya mwisho. Mapatano hayo yafanywe mapema, kabla boneti haijafunguliwa.

Vivyo hivyo kwa ndugu wanaonunua magari yaliyotumika, iwe bandarini au kwa jirani. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini katika biashara hii anayeumbuliwa ni mnunuzi. Kuna wauzaji wanaong'oa balbu ya taa hii au kuifunika kwa utepe mweusi. Fungua ufunguo mpaka dashibodi iwake, usiwashe injini: taa ya injini sharti iwake pamoja na wenzake, kisha izimike injini ikiwashwa. Isipowaka kabisa, kuna mkono wa mtu. Na ikiwa taa ni nzima, chomeka mashine, utazame ile orodha ya vipimo ambavyo gari limekwisha kujifanyia. Vyote vikisomeka kuwa havijakamilika, na muuzaji anasema gari hili huliendesha kazini kila siku, basi aulizwe ni namba gani aliyoifuta asubuhi ya leo.